Notisi ya Siku Saba kwa Hondohondo

Wadogo zangu wa kazini, siku mliyoniaga mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kabla sijayasahau. Sababu ya kuanza kuandika, lakini, si ninyi. Ni karani wa stoo. Nilipokuwa nakabidhi vifaa alisoma orodha kwa sauti kama anasoma misa: buti jozi moja, panga moja, nyundo ya chapa moja, filimbi moja, kopo la rangi nyekundu na brashi yake. Nyundo ilikuwepo. Filimbi ilikuwepo ingawa haikulia tena. Buti zilikuwa zimekwisha kuwa mali ya mchwa. Kopo la rangi lilikuwa tupu, na hapo karani akavua miwani. Kwa mujibu wa daftari lake, katika utumishi wangu nilichukua makopo mengi ya rangi nyekundu kuliko mafundi wote waliopaka majengo ya serikali huku kwetu. Akataka kujua nilipaka nini. Nikamwambia ni hadithi ndefu, nitaiandika.

Vyeo sitavisimulia. Vilikuja vikapita, na cha kwanza nilikipata kwa kosa, kama mtakavyoona. Habari ya mshahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni mtu wa Lundo, mwana wa ziwani. Nimekua nikioga Nyasa asubuhi na kula usipa, dagaa wetu wa ziwani, jioni, na baridi niliijua kwa kusimuliwa. Siku ya kwanza kupanda Umatengo kuripoti kazini nilivaa mashati yangu yote matatu kwa pamoja, na bado meno yalikuwa yanagongana nilipokuwa nasaini kitabu. Bosi alinipa vifaa nilivyovitaja, akanipa na bunda la fomu, akaniambia msitu uko kule juu na Mzee Hyera atanionyesha yaliyobaki.

Mzee Hyera alikuwa mlinzi wa msitu, Mmatengo aliyezaliwa mlimani, mfupi, mwenye koti zito ambalo sikuwahi kumwona amelivua. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama na mashati yangu, akauliza kama watu wa samaki wanajua miti. Nilimjibu kwa majivuno kwamba najua mti gani unatoa mtumbwi mzuri. Akasema basi ninajua miti iliyokufa, na kazi ya huku ni kujua iliyo hai na ile iliyo katikati.

Hiyo ya katikati ndiyo aliyonifundisha. Tulikuwa tukitembea kutwa, na kila tukifika kwenye mti mkubwa wa zamani aliugonga kwa mgongo wa panga, akaweka sikio. Mti ukinyamaza, alisema, ni mzima. Ukiitika, una mtu ndani. Mzee Hyera hakutofautisha watu na ndege katika maneno yake, nami kwa muda nilidhani ni uzee. Alinieleza kwamba kigong'ota ndiye fundi wa msitu mzima. Kila mwaka anachonga nyumba mpya kwenye tawi lililooza, anazaa, anahama, na hadai chochote. Nyuma yake wanaingia wapangaji, ndege wadogo wasiojua kuchonga. Bundi yeye hana subira ya kupanga, anatafuta pango ambalo mti wenyewe umejitoboa kwa uzee na anaingia bila hodi. Mti uliooza nusu, kwa Mzee Hyera, ulikuwa mtaa. Alikuwa na orodha ya wakazi wote kichwani, na aliwasalimia tukipita.

Sasa zile fomu. Mwaka ule kulikuwa na kampeni kali ya kuondoa wavamizi wa hifadhi. Watu walikuwa wanapanda kidogo kidogo na ngolo zao, yale mashimo ya kilimo mnayoyajua, mpaka wanakuta wamelima ndani ya msitu. Fomu ilitaka jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, aina ya jengo, vifaa vya ujenzi, na hatua iliyochukuliwa. Hatua ilikuwa moja: piga alama ya X kwa rangi nyekundu, andika BOMOA, bandika notisi ya siku saba. Vituo vingine vilileta fomu zimejaa. Sisi miezi mitatu hatukuwa na mvamizi hata mmoja, na bosi alianza kuniuliza kwa upole kama huwa nafika msituni kweli.

Ndipo Mzee Hyera akaenda Litumbandyosi kwenye harusi ya mjukuu. Harusi za kule hazina siku moja, nikabaki peke yangu. Siku ya pili, juu ya bonde ambalo siku za anga safi unaliona ziwa kwa mbali kama bati jipya, nikafika kwenye mti wa mbula, mkubwa sana, uliozeeka. Juu, kiasi cha watu watatu waliosimamiana mabegani, palikuwa na pango, na pango lilikuwa limesiribwa udongo. Limesiribwa vizuri, kwa mkono wa mtu mwenye subira, na katikati limeachwa tundu jembamba la wima.

Wale waliokulia milimani watacheka. Lakini bibi yangu kule Lundo alikuwa na kihenge cha kuhifadhia mahindi, na kihenge kile kilisiribwa udongo hivyo hivyo na kuachwa tundu hivyo hivyo. Sikuwahi kuona udongo umepakwa ukutani bila mwanamke wa kuupaka. Nikajiambia, nimewapata. Wamelima ngolo zao mahali, na mahindi wameyaficha ndani ya mti wa serikali. Chini ya mti palikuwa na lundo la kokwa za matunda na maganda, nami nikayachambua kwa kijiti, nikaandika kwenye fomu: takataka za jikoni zinaonyesha wakazi wanakula vizuri. Aina ya jengo: ghala la udongo, orofa ya kwanza. Dirisha: moja. Niliona fahari kubwa.

Nikapiga X. Nikaandika BOMOA kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya bonde. Nilipokuwa nagonga msumari wa notisi akaja ndege mkubwa mweusi mwenye tumbo jeupe, mdomo wake mkubwa una kofia juu yake, mabawa yanavuma, akatua kwenye tawi na kuanza kulia kama mtoto mchanga. Alikuwa na tunda la mkuyu mdomoni. Nikadhani ni mwizi wa mahindi anayesubiri niondoke. Nikamrushia jiwe. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba watu wa ziwani tunajua kutupa wavu, mawe hatuyajui.

Fomu niliituma siku hiyo hiyo kwa gari lililokuwa linashuka. Haraka haraka haina baraka, na nilikuwa nimeimba methali hiyo shule ya msingi miaka saba.

Mzee Hyera aliporudi nilimpeleka mtini nikiwa natembea mbele. Alisoma BOMOA. Alisoma notisi, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Kisha akakaa chini na koti lake, akanyoosha kidole juu, pangoni. Yule ndege akarudi. Akaning'inia kwenye gome, akacheua kuyu moja kutoka kooni, akalipitisha kwenye lile tundu. Ncha ya mdomo mwingine ikatokea kwa ndani, ikalipokea. Akacheua lingine. Akacheua la tatu.

"Umempa mzazi notisi," Mzee Hyera akasema.

Akanieleza. Mama hondohondo akitaka kutaga huingia pangoni, na mumewe humletea udongo, naye anajisiriba mlango mwenyewe kwa ndani mpaka libaki tundu la kupitisha chakula tu. Nyani hawezi kuingia, nyoka hawezi. Hatoki tena. Atataga humo, ataatamia, atalea, na siku kinda likiweza kuruka ndipo ukuta unabomolewa. Miezi mitatu na zaidi baba analisha kinywa cha mama na kile kidogo cha kinda. Ukimuua baba, umewaua wote. Ukiukata mti, usiulize. Nilikumbuka lile jiwe nikahisi haya mpaka masikioni, na huo ndio ukweli wa jinsi nilivyoanza kuipenda kazi hii.

Kwa hiyo niliandika barua kwa ofisi kubwa. Yah: Kufuta fomu. Nikaeleza kwamba mvamizi ni ndege. Jibu lilikuja baada ya wiki, na lilinishangaza kuliko ukuta. Ofisi ilinipongeza. Kaya niliyoripoti ndiyo ilikuwa ya kwanza kupatikana katika eneo letu, imeshaingizwa kwenye taarifa, na taarifa imeshapanda ngazi za juu. Kuhusu ndege, barua ilisema, ofisi haihitaji majina ya utani ya watuhumiwa. Leta majina mawili ya mkuu wa kaya. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine inayonipandisha kuwa kiongozi wa kituo. Kituo chenyewe kilikuwa mimi na Mzee Hyera, kwa hiyo sasa nilikuwa namwongoza yeye, jambo ambalo hakulitilia maanani hata siku moja.

Niliandika tena, kwa hasira safari hii. Jina la kwanza: Hondo. Jina la pili: Hondo. Nilidhani wataelewa.

Hawakuelewa. Ikaja hati ya kumwita Ndugu H. Hondo barazani. Niliibandika mtini, maana ndiyo ilikuwa anwani. Siku ya baraza hakufika. Ikaja ya pili, yenye maneno makali na mhuri mkubwa. Hakufika. Mtendaji wa kijiji, mtu mwema aliyekuwa anaogopa mihuri, alisimama mbele ya watu akaita jina mara tatu, watu wakageuka kumtafuta, na mzee mmoja akasema anamfahamu, ni mtu wa kunywa sana. Kwa hiyo kwenye taarifa iliyofuata kaya ile ilihamishwa kutoka safu ya wavamizi ikaingia safu ya wavamizi sugu. Na wavamizi sugu hawapewi barua. Wanapelekewa operesheni. Taarifa ilisema Alhamisi, watu wanne na chenso, ule msumeno wa injini. Amri ilikuwa kuondoa jengo, na kwa kuwa jengo limeshikana na mti, kuondoa na mti.

Nilifikiria kupanda gari kwenda kupiga magoti kwa bosi. Mzee Hyera akasema bosi ameshasifiwa kwa mvamizi huyu, na mtu hafuti sifa yake mwenyewe. Akanipeleka kwa Bibi Skolastika.

Bibi Skolastika alikuwa mkunga. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu, na nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa padri. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaungama kila kitu, na lile jiwe pia. Alisikiliza huku anachambua maharage. Hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu, kama mtoto ameshaanza kulia. Nilisema sijui. Akasema basi twende, akafunga khanga, akatutangulia mlimani mtu wa umri ule sisi tunahema nyuma. Chini ya mbula aliweka kiganja kwenye gome, akafumba macho. Baba alipokuja na kuyu tukasikia, ndani kabisa, sauti nyembamba ya kuomba.

Akasema mtoto yupo na ana afya. Akahesabu vidoleni, akasema bado wiki tatu, pengine nne. Kisha akaniambia kwamba kwao mzazi akiwa ndani hakuna anayepiga kelele karibu na nyumba, hakuna anayedai, hakuna anayegombana, mpaka mtoto atolewe nje. Hata mwenye kesi anasubiri. Aliniuliza kama sisi wa ziwani hatuna desturi hiyo. Tulikuwa nayo. Sikuwahi kufikiri kwamba ina mipaka mipana hivyo.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala vizuri, na asubuhi niliomba mvua. Haikunyesha. Watu wa operesheni walichelewa kwa sababu gari lao lilikwama nyuma ya malori yaliyopakia kahawa, na kwa mara ya kwanza maishani niliyabariki malori yale. Walifika saa tano. Kiongozi wao aliitwa Osmund, kijana mrefu mwenye nguo zilizonyooshwa vizuri, Mmatengo wa huku huku aliyekuwa amesomea mbali. Alishuka na kipaza sauti. Nilimwambia nikiwa nimesimama mbele ya mti kwamba Ndugu Hondo ni ndege. Alisema ameonywa kwamba nitasema hivyo.

Akasimama mbele ya X yangu na kusoma amri yote kwa kipaza sauti, akiwaelekeza wakazi watoke kwa amani na kubeba mali zao. Bonde likarudisha kila neno. Hakutoka mtu. Akatoa dakika tano, akatazama saa, na yule wa chenso akaanza kuangalia mafuta.

Hapo ndipo wanawake walipotokea kwenye njia, kama kumi hivi, Bibi Skolastika mbele, na sufuria la uji kichwani mwa mmoja wao. Walitandika khanga chini ya mti kati ya chenso na shina, wakakaa, wakaanza kumimina uji vikombeni kwa sauti ndogo, kama watu waliokuja kumwona mzazi. Mmoja alimpa Osmund kikombe. Alikuwa ameshika kipaza sauti mkono mmoja na amri mkono wa pili, na ilimbidi aweke kitu kimoja chini. Aliweka kipaza sauti.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ongea taratibu, kuna mzazi ndani."

Osmund akanitazama. Nikamwonyesha juu. Baba hondohondo alikuwa amerudi, akacheua kuyu la kwanza, na ule mdomo wa ndani ukalipokea mbele ya macho ya operesheni nzima. Ile sauti nyembamba ikasikika. Yule wa chenso akavua kofia. Sijui kwa nini, lakini alivua.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu Osmund alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ilisema kaya. Alisema kwa huzuni kwamba akirudi na kusema ni ndege, atahamishwa, na atakayekuja baada yake hatakunywa uji. Mzee Hyera ndiye aliyemwomba aisome amri upande wa nyuma. Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyewahi kuzihitaji, palikuwa na kifungu: kaya yenye mama aliyejifungua inaweza kuongezewa muda mpaka mama na mtoto waweze kusafiri, endapo hali hiyo itathibitishwa na mtu mwenye mafunzo ya uzazi. Bibi Skolastika alikuwa na cheti cha semina ya wakunga wa jadi aliyohudhuria zahanati. Alikuwa nacho siku ile, amekikunja kwenye pindo la khanga. Mpaka leo sijui kati yake na Mzee Hyera nani alisoma herufi zile kwanza.

Kwa hiyo tukaijaza. Osmund aliuliza maswali kama yalivyoandikwa na Bibi akajibu moja moja. Mama ni wangapi? Mmoja. Mtoto? Mmoja, pengine wawili, hajaingia kutazama kwa sababu mlango umefungwa. Hali yao? Wazima. Mama ananyonyesha? Bibi akafikiri, akasema mtoto anakula. Baba yupo? Yupo, na angependa baba wote wa kijiji hiki waje kutazama. Wanawake wakacheka kwa mara ya kwanza.

Mwisho fomu ilitaka dole gumba la mkuu wa kaya. Osmund akakuna kichwa, kalamu hewani. Tulisimama pale watu wazima, na chenso, na uji, tukitazama mstari mtupu kwenye karatasi, na wakati tunautazama baba hondohondo aliponyokwa na kuyu lililoiva. Lilianguka kutoka juu, likapasukia kwenye ukurasa. Lilikuwa chini kidogo ya mstari. Osmund alilitoa kwa uangalifu, akaupuliza ukurasa ukauke, akaandika pembeni ya lile doa la zambarau: limepokelewa.

Waliondoka na chenso yao saa nane. Wiki tatu na siku nne nilikaa chini ya mbula kwa amri ya maandishi, kusimamia kaya ile mpaka ihame. Nilihesabu makuyu. Nilijifunza kwamba baba akichelewa mama hapigi kelele, anatoa ncha ya mdomo tu na kusubiri, na mimi nilikuwa nasimama kutazama angani mpaka asikike akivuma. Siku ya mwisho mama aligonga ukuta kwa ndani tangu asubuhi. Udongo ulidondoka vipande vipande juu ya notisi yangu. Akatoka, amechakaa, akakaa kwenye tawi akinyoosha bawa moja kisha la pili. Baadaye akatoka mtoto, akatazama dunia, na jambo la kwanza aliloliona lilikuwa mimi nalia. Mzee Hyera alikuwa ameshika fomu. Akaniuliza aandike nini. Tukaandika kwamba mama na mtoto wametoka salama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo sehemu ya kazi. Tulikuwa na safu ya kuandika "amehama", na hatukuijaza. Mwanzoni ilikuwa kusahau. Mwaka uliofuata wakarudi pango lile lile, mama akajisiriba, nikaomba nyongeza ya muda kwa sababu ile ile, ikakubaliwa bila kusomwa. Kisha akaja mtu na kibali cha kuvuna miti mizee ya eneo lile kwa mbao. Nilikonda. Lakini ofisi kubwa ilimjibu kwamba mti ule hauguswi, una shauri la mvamizi ambalo halijaisha, na mali yenye shauri haiondolewi. Kote alikopita aliacha visiki. Mbula wenye BOMOA ulibaki umesimama.

Tulikaa chini mimi na Mzee Hyera siku hiyo tukatafakari muda mrefu. Kesho yake nilikwenda stoo kuchukua kopo jingine la rangi.

Karani, hilo ndilo jibu lako. Nimepiga X miti kumi na saba, na kila gome lilipobanduka nilirudia. Kila mmoja tuliugonga kwanza, na kila mmoja uliitika. Kuna notisi ya bundi, kuna ya vigong'ota, kuna ya nyuki ambayo sikuweza kuibandika karibu. Taarifa za wilaya zilieleza kwa miaka mingi kwamba katika msitu wetu wavamizi sugu wanaongezeka licha ya juhudi, nami nilialikwa kwenye semina mbili kueleza changamoto. Mzee Hyera alipofariki tulimzika na koti lake. Bibi Skolastika alitangulia, na cheti chake aliniachia mimi, ingawa sijui kwa mujibu wa kifungu gani.

Mwezi huu, kabla sijakabidhi, alikuja Editha, Bwana Miti mpya wa kushika nafasi yangu, kama jina hilo linaweza kumkaa binti. Ana shahada na kishikwambi. Alinionyesha kwenye kioo kwamba mfumo mpya unataka mashauri yote ya zamani yafungwe mwisho wa mwezi, na kwamba kuna mwombaji wa mbao anasubiri yafungwe. Alinisomea yote kumi na saba. Alikuwa na heshima, na alikuwa hatabasamu. Niliona kazi yangu nzima imelala kwenye kidole kile cha binti, na sikuwa na cheo tena cha kumzuia. Nilimwomba twende tukauone mti wa kwanza kabla hajabonyeza.

Tulipanda polepole, magoti yangu si yale. Mbula bado upo. X imefifia, na BOMOA imebaki B na nusu ya O, mengine yamekwenda na gome. Nilimpa panga, nikamwambia agonge kwa mgongo wake aweke sikio. Aligonga. Akakaa na sikio pale muda mrefu kuliko mtu anayejaribu tu.

"Mzee," akasema, "kuna mtu ndani."

Baba akaja, akacheua la kwanza, la pili, la tatu. Editha alihesabu mpaka kumi na moja kisha akaacha kuhesabu. Alitoa kishikwambi, akanionyesha: amehama, ameondolewa, shauri linaendelea. Alibonyeza la mwisho. Kikamtaka sababu, akaniuliza sisi tulikuwa tunaandikaje. Nikamwambia. Aliandika neno moja, mzazi, na mashine ikalipokea kama ofisi ilivyolipokea siku zote.

Nilitaka kumwonyesha jinsi ya kuburudisha alama, nikakumbuka kopo langu tupu. Nikaanza kuomba radhi. Lakini alikuwa ameshafungua begi, na ndani yake palikuwa na kopo jipya lililochukuliwa stoo asubuhi ile, na brashi. Alipanda juu ya mzizi mkubwa akapiga X moja ndefu, kisha akaandika BOMOA kwa herufi nzuri kuliko zangu zote, huku baba wa watoto akisubiri kwenye tawi na kuyu mdomoni mpaka amalize.